Kaskazi si Boreas: Majina ya Pepo katika Kiswahili cha Unguja



Wale waliopitia somo la fonetiki wanaijua hadithi fupi ya upepo na jua walioshindana kumvua msafiri joho lake. Ni hadithi ya Kigiriki, inayohesabiwa miongoni mwa ngano za Aesop, na Shirika la Kimataifa la Fonetiki limeitumia kwa muda mrefu kuwa matini ya mfano ya lugha nyingi za dunia. Katika Kigiriki, huyo anayeshindana na jua si upepo tu. Ni Boreas, mwenye jina, nasaba na tabia zake. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi kazi ya kuifasiri ngano hiyo, na wengi wao wakaandika: “Kaskazi na Jua walishindana.” Niliziona tafsiri hizo kuwa ni nzuri. Niliposoma mojawapo darasani, tukafika pale upepo unapovuma kwa nguvu na msafiri kujifunika zaidi kwa sababu ya baridi, msichana mmoja aliyekulia Nungwi akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “kaskazi haitii baridi. Kaskazi ikivuma, huyo msafiri angelivua joho mwenyewe.”

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani sikuweza kucheka tena, kwani nilitambua kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwafundisha watu kufasiri jina la upepo kwa kutazama dira peke yake. Mhadhara huu ni jaribio la kulipa deni hilo. Ninakusudia kueleza kwamba majina ya pepo katika Kiswahili cha Unguja si majina ya nafsi, kama yalivyo majina makubwa ya pepo za Wagiriki, wala kwa asili si majina ya pande za dunia. Ni majina ya nyakati.

Tuwatazame kwanza Wagiriki. Hesiod, katika utenzi wake wa nasaba za miungu, anataja pepo tatu, Zephyros, Boreas na Notos, kuwa ni wana wa Astraios na Eos, yaani Alfajiri. Euros, upepo unaohusishwa na mashariki, hamo katika orodha hiyo, ingawa kwa Homer anajulikana vyema. Homer huyo huyo anasimulia jinsi Aiolos, msimamizi wa pepo, alivyomfungia Odysseus pepo mbaya ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe, na jinsi mabaharia wake walivyoufungua kwa tamaa, wakidhani una dhahabu. Boreas alisimuliwa kuwa alimteka Oreithyia, binti wa mfalme Erechtheus wa Athens, akamwoa. Hapo kisa kikawa na matokeo ya kisiasa: Herodotus anaeleza kwamba majeshi ya Waajemi yalipokuja kwa merikebu mwaka 480 kabla ya Kristo, watu wa Athens walimwomba Boreas awasaidie kwa kuwa ni mkwe wao, na tufani ilipozivunja merikebu za adui wakamjengea mahali pa ibada kando ya mto Ilissos. Upepo ukawa shemeji wa taifa zima.

Majina hayo hayakuishia katika visa. Mjini Athens umesimama mpaka leo mnara wenye pande nane, kila upande ukiwa na sanamu ya upepo mmoja: Boreas ni mzee mwenye ndevu aliyejifunika nguo nzito, na Zephyros ni kijana aliyebeba maua. Kutokana na Zephyros lilipatikana jina la Zephyrinus, aliyekuwa Papa wa Roma mwanzoni mwa karne ya 3. Notos kwa Kilatini aliitwa Auster, na kutoka humo likaja jina la bara zima la Australia. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya pale upepo unapokuwa mtu: jina lake huweza kupewa mtu mwingine, au nchi.

Je, Waswahili hawakuufanya upepo kuwa nafsi? Swali hili halina jibu jepesi, na sarufi yetu ndiyo inayotufunza. Neno upepo kwa wingi ni pepo. Neno pepo hilo hilo, likiwa na maana ya kiumbe kisichoonekana, huchukua upatanisho wa viumbe hai. Tunasema “pepo zinavuma,” lakini tunasema “pepo amempanda.” Tazameni pia kitenzi kupunga. Jioni watu wa Mji Mkongwe huteremka Forodhani kupunga upepo, na hakuna anayeshangaa. Lakini ukimwambia mwenzako kwamba fulani amepelekwa kupungwa pepo, habari ni nyingine kabisa, ni ya ngoma, ubani na mganga. Na huko peponi tunakokutarajia sote ni mahali pa raha na ubaridi, kwa neno la shina lilo hilo. Kwa hiyo uhusiano wa pumzi, upepo na roho umo katika lugha yetu, kama ulivyo katika Kiarabu baina ya rihi na roho, na katika Kigiriki na Kilatini baina ya anemos, upepo, na anima, nafsi.

Hata hivyo uhusiano huo umeishia katika neno la jumla. Haukuvuka kwenda kwenye majina mahsusi. Hatusemi “Kaskazi amekuja” isipokuwa katika ngano au ushairi, baharia husema “kaskazi imeingia,” “kusi imekatika.” Kiambishi hicho kidogo, i-, kina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Boreas hutaka a-. Mwanafunzi anayeandika “Kaskazi alimteka binti wa mfalme” amefanya mambo mawili kwa mpigo: amebadili ngeli, na amekipa kisa cha Athens jina la kitu ambacho Mswahili hamjui kuwa ni mtu.

Kosa la pili ni lile la msichana wa Nungwi. Unguja ipo kiasi cha nyuzi sita kusini ya Ikweta. Kaskazi huvuma baina ya Disemba na Machi, ikitoka kaskazini-mashariki, na huo ndio wakati wetu wa kiangazi, wakati wa joto kali. Kusi huingia kuanzia Aprili. Mwanzo wake hufuatana na mvua za masika, na katika kipindi chake ndipo huja kipupwe, ile baridi ya Juni, Julai na Agosti inayowafanya wazee watafute mashuka. Kwa Mgiriki mambo ni kinyume: Boreas ni theluji na Notos ni joto na mvua. Ukifasiri Boreas kwa kaskazi na Notos kwa kusi, umelinda pande za dunia na umepoteza hali ya hewa yote. Katika ile ngano, kwa hakika, kaskazi na jua hawakuwa na sababu ya kugombana. Wangekuwa upande mmoja.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kaskazi na kusi ni nini, ikiwa si watu na si pande? Mwulize mvuvi mtu mzima wa Unguja tukio fulani lilitokea lini, na huenda akajibu “kaskazi ya mwaka juzi.” Hapo hazungumzii upepo. Anazungumzia miezi. Baina ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya mpito ambavyo navyo vina majina: maleleji, wakati pepo zinapobadilika-badilika, na tanga mbili, jina linalotuonesha tanga linaloweza kuelekezwa huku au huku kwa kuwa upepo haujaamua. Kuna demani, kipindi cha mwisho wa kusi, kuanzia kiasi cha Agosti, bahari inapotulia. Hili la demani linanipendeza kuliko yote. Demani ni kamba ya tanga, ile inayovutwa au kulegezwa ili tanga lishike upepo, na upande wa demani katika chombo ni ule usioelekea upepo. Kwa hiyo sehemu ya mwaka ina jina moja na kamba. Wagiriki walipoutazama upepo waliona uso wenye ndevu; baharia wetu aliona kile alichokishika mkononi.

Neno la jumla la nyakati hizi ni msimu, kutokana na Kiarabu mausim, na ndilo lililochukuliwa na Wareno, kisha na mataifa mengine ya Ulaya, likawa jina la pepo zenyewe katika lugha zao. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Wazungu walipotafuta jina la pepo zetu hawakuchukua jina la mungu yeyote wa Kigiriki. Walichukua neno lenye maana ya wakati.

Wakati huo haukuweza kuhesabiwa kwa kalenda ya Kiislamu, kwa sababu mwaka wa mwezi huzunguka: Ramadhani huweza kuingia katika kaskazi, na baada ya miaka kadhaa ikaingia katika kusi. Upepo hufuata jua. Ndiyo maana watu wa mwambao walikuwa na mwaka mwengine, ulioanzia Siku ya Mwaka au Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, wakihesabu siku kwa miongo, yaani makumi. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar katika Ghuba, naye anahesabu nyakati za safari kwa siku za Nairuzi, na upepo wa kusi anauita kaws, ambalo ndilo neno letu. Wanaokwenda Makunduchi kila Julai kutazama Mwaka Kogwa, wakaona watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, wanashuhudia mabaki ya kalenda hiyo. Ningependa wanafunzi wa lugha waende huko na daftari, kwa kuwa hesabu ya miongo imebaki katika vichwa vya wakulima na wavuvi wachache.

Hapa inafaa nirudi kwa Wagiriki, kwa sababu itakuwa si haki kuwaonesha kama watu wa visa tu. Wao pia walikuwa na pepo za nyakati. Kila mwaka wakati wa joto bahari yao huvumiwa na pepo kavu za kaskazini, nao waliziita etesiai, kutokana na etos, mwaka: pepo za kila mwaka. Etesiai hazikuwa na nafasi ya Boreas katika ile nasaba ya wana wa Alfajiri. Ziliitwa kwa wingi, bila ya nafsi, kwa kufuata kalenda. Ninaona kwamba ndugu wa kweli wa kaskazi na kusi katika Kigiriki ni etesiai, wala si Boreas na Notos. Katika mnara wa Athens vilevile yumo Apeliotes, upepo wa mashariki, na jina lake halina siri: ni “utokao kwenye jua.” Sisi tuna matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki, kutokana na Kiarabu matla, mahali pa kuchomoza. Watu wawili wasiojuana wameamka alfajiri, wamehisi upepo usoni, wakaupa jina moja.

Zaidi ya hayo, Wagiriki waliwahi kulipa jina kusi yenyewe. Kitabu cha safari za Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa karne ya 1 baada ya Kristo, kinaielezea pwani yetu kwa jina la Azania, kinataja bandari ya Rhapta na kisiwa cha Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu wanakidhania kuwa ni Unguja, na wengine Pemba au Mafia. Kitabu hicho kinasema kwamba nahodha aitwaye Hippalos ndiye aliyegundua njia ya kukata bahari moja kwa moja hadi India, na kwamba upepo wa kusini-magharibi wa bahari ile ukaitwa kwa jina lake. Pliny wa Roma, katika karne hiyo hiyo, anasema kuwa ni Favonius, yaani Zephyros wa Kilatini, ambao huko huitwa Hippalus. Kwa hiyo kusi imewahi kuhesabiwa kuwa ni Zephyros! Lakini mtaalamu wa Kiitalia Santo Mazzarino alitoa hoja kwamba huenda mambo yalikwenda kinyume: jina la upepo ndilo lililotangulia, na nahodha akazuliwa baadaye ili kulieleza. Mimi naelekea upande wa Mazzarino. Kwa watu waliozoea kwamba upepo ni mtu, upepo wenye jina lisiloeleweka ulihitaji mtu nyuma yake.

Mfano huu unatuonya pia juu ya jambo la kijiografia. Vitabu vingi vya kigeni huieleza kusi kuwa ni upepo wa kusini-magharibi, na baadhi ya wanafunzi huinakili fasili hiyo. Ni sahihi kwa bahari ya Arabuni, si kwa Unguja. Hapa kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Ikishavuka Ikweta, mzunguko wa dunia huipinda ikaelekea India ikitokea kusini-magharibi. Nahodha aliyeondoka bandari ya Unguja kwenda Maskati alisafiri na upepo mmoja uliobadili upande njiani, na kwake ulibaki kusi mwanzo hadi mwisho. Lau kusi ingekuwa jina la upande, angelazimika kulibadili katikati ya safari.

Kutoka jina la wakati hadi jina la upande hatua ilikuwa moja tu, nayo ni kiambishi tamati -ni cha mahali. Kaskazini ni kule iliko kaskazi. Kusini ni kule iliko kusi. Mashariki na magharibi tumezipata kwa Kiarabu, nazo ni mahali jua lichomozapo na lichwapo. Dira ya Mswahili basi imeundwa kwa pepo mbili na jua moja. Siku hizi tuna Mkoa wa Kaskazini Unguja na Mkoa wa Kusini Unguja, wilaya za Kaskazini A na Kaskazini B, na hakuna anayeandika anwani hizo akihisi upepo ndani yake. Hilo halina ubaya. Maneno yote huchakaa hivyo. Ubaya ni pale neno jipya linapogeuka likalifasili lile la zamani, tukawaambia watoto skuli kwamba kaskazi ni “upepo wa kaskazini.” Ni sawa na kusema kwamba baba ni yule aliyezaliwa na mwanawe.

Wala tusidhani kwamba majina haya yalikuwa ya furaha tu, ya majahazi ya tende na mazulia yakiingia Malindi. Katika karne ya 19 kaskazi ilileta pia wafanyabiashara wa watumwa kutoka kaskazini, na taarifa za wakati ule zinaeleza jinsi watoto wa mji walivyoibwa na wazee walivyowafungia ndani vyombo hivyo vilipokuwa bandarini. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Sheria iliandikwa kwa tarehe, lakini kilichokuwa kikifuatwa ni upepo. Jina la msimu lilibeba khofu ya mama.

Labda hii ni sababu moja ya mzazi wa Unguja kutomwita mwanawe Kaskazi au Kusi, ingawa siwezi kuitegemea peke yake. Tunawapa watoto majina ya nyakati bila ya shida: Juma na Khamis kwa siku, Rajab, Shaaban na Ramadhan kwa miezi, na Mwaka kwa msichana aliyezaliwa karibu na Siku ya Mwaka. Ninavyoona, siku na mwezi humpata mtu mmoja anapozaliwa. Msimu ni wa wote, na chombo kizima humo safarini.

Na sasa? Wanaoyatamka majina haya kila siku ni pamoja na wageni. Nendeni Paje mkawasikilize vijana wa Ulaya wanaokuja kuteleza juu ya maji kwa tiara: wanajua kaskazi inaingia lini na kusi inakatika lini, kwani fedha zao za safari zinategemea hayo. Taarifa zetu za hali ya hewa kwa upande wao husema upepo utavuma kutoka kusini-mashariki kwa kilomita kadhaa kwa saa. Taarifa hiyo ni sahihi na inaokoa maisha, sitaki ibadilishwe. Ningetaka tu neno kusi liandikwe pembeni yake, ili mvuvi na mtaalamu wajue kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Ama wafasiri, rai yangu ni hii: Boreas abaki Boreas, na ngeli yake ya a-. Etesiai zifasiriwe kwa pepo za msimu. Kaskazi iachwe kwa kaskazi.

Kuna jambo moja la karibuni nimelihifadhi mpaka mwisho kwa kuwa bado linaendelea. Kimbunga kilichoipiga Unguja Aprili 1872, kikaangusha mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo vya Sayyid Barghash, hakikupewa jina la mtu. Kiliitwa kimbunga, basi. Vimbunga vya siku hizi katika bahari yetu hupewa majina kutoka katika orodha iliyopangwa kabla, na mengi ni majina ya watu. Mwezi Mei 2024 kilikuja kilichoitwa Hidaya, kikafika Mafia tarehe 4. Nilizifuatilia taarifa nikiwa na kalamu mkononi. Taarifa rasmi nilizozisikia zilisema “Kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu,” kwa ki-, jina likifuata nyuma ya nomino kama mtumishi. Lakini siku ya pili, barazani, nilimsikia kijana akimwambia mwenzake: “Hidaya ameshapita.”